Malalamiko Yanapohesabiwa Kuwa Dalili

Aliyevunjika mguu akisema plasta inambana, plasta hukaguliwa. Mwenye maradhi ya akili akisema dawa inamkaza viungo, mara nyingi huambiwa anakataa dawa. Nadhani hapo ndipo penye sababu kubwa ya watu hawa kutafuta mtetezi: malalamiko yao huhesabiwa kuwa dalili nyingine ya ugonjwa. Na malalamiko yenyewe yana msingi. Haloperidol, dawa ya miaka mingi, inajulikana kukaza misuli na kutetemesha mikono, na mkulima au mchungaji wa Chewele, katika Kaunti ya Tana River, mikono ndiyo riziki yake. Kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa, ila lazima kwanza mtu asikilizwe. Na kumfuata daktari wa akili Mombasa ni safari ndefu: kutoka Garsen ni zaidi ya kilomita 200, na Chewele ni mbali zaidi, upande wa juu wa Mto Tana. Aliyefunga safari hiyo kumwona daktari kwa dakika chache hana nafasi ya kurudi kesho kueleza upya.

Wapo watakaosema jamaa wanatosha. Ni kweli jamaa ndio wanaolipa nauli na kukesha, wala sidharau mzigo huo. Lakini aliyechoka kukesha hutaka nyumba itulie, na dawa inayomlaza mgonjwa mchana kutwa humfaa yeye kuliko inavyomfaa mgonjwa. Mtetezi kazi yake ni kufikisha matakwa ya mwenyewe, hata yasipomfurahisha mtu mwingine chumbani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba aliyezidiwa hajui linalomfaa. Huenda, kwa siku kadhaa; maradhi yenyewe huenda miaka, na katika vipindi vya utulivu mtu anaweza kueleza atibiwe vipi akizidiwa tena. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2022, inampa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka asaidiwe kufanya uamuzi wake mwenyewe.

Kuhusu gharama, wahamasishaji wa afya ya jamii tayari hupita nyumba kwa nyumba, na inavutia kuwaongezea kazi hii ya utetezi. Ningesita. Wanaripoti kwa kituo kilekile kinacholalamikiwa. Afadhali waliowahi kuugua wenyewe, kama wale wa shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya na vikundi vyake vya kusaidiana, wanaojua Kipokomo au Kiorma, kaunti ikiwalipia nauli tu.