Tundu la Ushanga wa Karatasi

Asubuhi moja ya Novemba nilisimama ubavuni mwa kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, shingoni nimevaa mkufu wa shanga za karatasi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani. Wimbi likakipiga kivuko, rasharasha zikanirukia kifuani, nikajifuta kwa ncha ya kanga na kusahau. Jioni nilipouvua mkufu, shanga zilikuwa bado zinang'aa tumboni kama siku zilipotoka kwa fundi, ila miishoni zilikuwa zimefura na tabaka za karatasi zimeachana kama maganda ya kitunguu.

Nikachukua wembe, nikapasua ushanga mmoja katikati. Tabaka za nje, zile zilizolala chini ya vanishi, zilikuwa kavu kabisa. Tabaka za ndani, zinazolizunguka tundu la uzi, zilikuwa zimelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Maji yalikuwa yamepita tunduni na kuanza kuula ushanga kutoka moyoni.

Tangu siku hiyo, nikiona pambo la karatasi, macho yangu huenda kwanza tunduni. Naandika haya kwa sababu nimewaona mafundi wengi wakirudia vanishi ya nje mara tatu, mara nne, na tundu wakaliacha kama lilivyo. Kazi ya siku nzima hupotea kwa uwazi usiozidi upana wa njiti ya meno.

Ushanga wenyewe ni rahisi kuueleza. Kalenda iliyopitwa na mwaka, gazeti la picha au bango la matangazo hukatwa vipande virefu vya pembetatu. Fundi huanza kuviringisha upande mpana kwenye njiti au spoku ya baiskeli, akipaka gundi kila anapozungusha, hadi ncha nyembamba imalizikie katikati. Ndiyo maana ushanga huwa mnene tumboni na mwembamba miishoni. Katika ukanda huu wa ziwa, kazi hiyo ilipata sifa kubwa Kampala. Wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wengi wao Waacholi, walikuwa wakiponda kokoto kwenye machimbo ya mawe ili wapate riziki, na wakaviringisha karatasi pia. Mwaka 2004 Wamarekani watatu, Torkin Wakefield, Ginny Jordan na Devin Hibbard, walianzisha shirika la BeadforLife ili kuzitafutia shanga hizo soko la nje. Mkufu uliotoka kwenye takataka ukawa unalipa ada ya shule. Kwa hiyo ninaposema habari ya maji, nasema habari ya fedha ya mtu.

Sasa, kwa nini karatasi na maji hawakai pamoja? Ukweli ni kwamba wanapendana kupita kiasi. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizotandazwa na kukaushwa zikashikana. Mafunjo yanayoota kwenye vinamasi vya ziwa letu ni mmea uleule ambao Wamisri wa kale walitengenezea vya kuandikia. Kila uzi umejengwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za sukari aina ya glukosi. Kandokando ya minyororo hiyo kumejaa vishikizo vya oksijeni na hidrojeni, na vishikizo vya uzi mmoja huvutana na vya uzi wa jirani. Hiyo ndiyo nguvu inayoifanya karatasi iwe karatasi hata bila gundi.

Maji nayo ni oksijeni na hidrojeni. Molekuli ya maji ikifika, hujipenyeza kati ya nyuzi mbili, ikakamata kishikizo cha huku na cha kule, na nyuzi zilizokuwa zimekumbatiana zikaachana. Karatasi ya kawaida ikilowa chepechepe hupoteza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uimara wake. Tena nyuzi hunenepa sana na kurefuka kidogo tu. Ushanga una tabaka nyingi zilizolaliana, na kila tabaka ikinenepa, ushanga mzima hufura kwa nje, lakini utando wa vanishi hauna uwezo wa kutanuka hivyo. Hupasuka. Ufa mmoja wa vanishi ni mlango mpya wa maji, hata kama mkufu utakauka vizuri siku ile.

Karatasi za kalenda na magazeti ya picha zina nafuu kidogo. Uso wake umepakwa udongo mweupe wa kaolini au chokaa iliyosagwa laini sana, na tone likidondokea juu hukaa kwa muda kabla halijazama. Wino wake wa kiwandani pia una mafuta, hauchuji ovyo. Tofauti na hiyo ni karatasi iliyochapwa kwa printa ndogo ya wino wa majimaji: nyingi hutoa rangi mara tu zinapoguswa na kitambaa chenye unyevu, wakati mwingine hata gundi yenyewe inatosha kuzichafua. Jaribu kwa kidole kilicholowa kabla hujakata pembetatu hata moja.

Lakini kaolini hulinda uso, na tundu halina uso. Tunduni na miishoni karatasi imekatwa, nyuzi zimeachwa wazi. Hapo ndipo fizikia ya koroboi inapoingia.

Mwanza tunao mtaa wa Makoroboi, uliopata jina kutokana na taa za mafuta zilizokuwa zikifuliwa kwa makopo na mabati. Kila aliyewahi kusomea koroboi anajua kwamba mafuta yako chini kwenye kopo na moto uko juu, wala hakuna anayeyasukuma. Yanapanda yenyewe ndani ya utambi, kwa kuwa kati ya nyuzi za pamba kuna mianya myembamba na mafuta hushikamana na kuta za mianya hiyo, yakivutana hatua kwa hatua. Mwanya ukiwa mwembamba zaidi, ndivyo mvuto unavyokuwa na nguvu zaidi. Ushanga wa karatasi, ukiutazama kwa jicho hilo, ni utambi ulioviringishwa. Na kama umetungwa kwa uzi wa pamba, hiyo pamba yetu ya Usukumani, basi una tambi mbili: uzi unayanyonya maji na kuyapeleka tunduni, karatasi inayapokea na kuyasambaza.

Mkemia Edward Washburn wa Marekani alichapisha mwaka 1921 hesabu ya mwendo huo. Inaonyesha kwamba maji hukimbia mwanzoni kisha huchoka: kama yamepenya milimita moja kwa dakika moja, kufika milimita mbili yatahitaji dakika nne, na kufika milimita tatu yatahitaji tisa. Kwa mvaaji maana yake ni moja. Dakika za mwanzo ndizo zenye hasara kubwa, na mkufu ulionyeshewa haupaswi kungoja ufike nyumbani.

Viwanda vinaujua udhaifu huu tangu zamani. Chukua boksi la maziwa yanayokaa muda mrefu bila friji, likate kwa mkasi, ulikunjue. Sehemu kubwa ya boksi hilo ni karatasi, na ndani limepakwa plastiki nyembamba. Sasa tafuta mshono unaokwenda wima. Kwa ndani utakuta ukanda mwembamba wa plastiki uliobandikwa juu ya ukingo wa karatasi, ili maziwa yasiguse mahali ilipokatwa. Uso ulishalindwa, na bado mhandisi akaona ukingo unahitaji ulinzi wake peke yake. Fundi wa shanga anastahili kufikiri hivyohivyo.

Tuanze na gundi. Uji wa muhogo au wa ngano hushika vizuri, lakini maji huurudisha kuwa uji, na mende wanaupenda. Gundi nyeupe ya kawaida ni polima iliyoelea kwenye maji kwa chembe ndogondogo, na maji yakikauka chembe hizo huungana kuwa utando. Utando huo ukilowa tena hulainika na kuwa mweupe kama maziwa. Ule weupe unaoonekana ndani ya ushanga uliolowa mara nyingi ni gundi. Ipo gundi ya mbao iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inastahimili maji. Inagharimu zaidi kidogo, na kwa shanga za kuuza mimi naona hakuna sababu ya kuikwepa.

Kisha vanishi. Ile ya mafuta, inayozimuliwa kwa tapentaini, haikauki kwa kutoa harufu tu. Inachukua oksijeni ya hewani na molekuli zake zinafungana kuwa wavu mmoja mgumu, kazi inayoendelea siku kadhaa baada ya mkono kuacha kunata. Wachina walitumia kanuni hiyohiyo kwa miavuli yao ya karatasi, wakiipaka mafuta ya mti uitwao tung yanayogandia hewani, na wakatembea nayo mvuani. Vanishi ya maji haina harufu kali na haibadiliki sana kuwa ya njano, ila inahitaji tabaka zaidi na muda wa kutosha kati ya tabaka na tabaka. Vyovyote iwavyo, tabaka tatu nyembamba zinashinda moja nene. Nene hukauka juu na kubaki mbichi chini, ikajikunja.

Wapo wanaotumia rangi ya kucha isiyo na rangi kuziba palipobanduka. Si wazo baya. Nyingi ya rangi hizo zimetengenezwa kwa selulosi ileile ya pamba au ya mti, ambayo sehemu kubwa ya vishikizo vyake vya maji imebadilishwa kwa asidi ya nitriki, ikaacha kuyapenda maji. Inawaka upesi mno, kwa hiyo isipakwe karibu na jiko wala koroboi.

Tatizo la tundu linatokana na namna tunavyopaka. Fundi hutunga shanga kwenye waya, akazichovya zote na kuzitundika. Waya huo unazuia vanishi isizibe tundu, na kwa kuzuia hivyo unaliacha tundu bila kinga. Dawa ni kubadili mpangilio. Kwanza zimua vanishi iwe nyepesi kama maji, uchovye ushanga ukiwa huru, bila waya. Vanishi nyepesi itapanda kwenye mianya ileile ambayo maji yangeipitia. Utambi unaotudhuru tunautumia kujilinda. Baada ya dakika chache pitisha sindano nyembamba tunduni ili lisizibe, lakini usilifute likawa kavu. Zikishakauka, ndipo uzitunge kwenye waya na kupaka tabaka nzito za nje. Njia nyingine ni kuviringisha karatasi juu ya kipande cha mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha na kukiacha humo. Uzi utapita ndani ya plastiki bila kuigusa karatasi, nawe utabaki na kazi ya kuziba miisho tu.

Kwa uzi wenyewe, watu wa Mwanza hatuna haja ya kwenda mbali. Mshipi wa nailoni unaouzwa kwa wavuvi ni uzi mmoja mtupu, hauna mianya ya ndani ya kupandishia maji. Na kati ya shanga mbili za karatasi weka ushanga mdogo wa kioo. Shanga za karatasi zikigusana husuguana kila unapotembea, na vanishi hukwanguka miishoni kabla ya mahali pengine popote. Kioo hupokea msuguano huo.

Hali ya hewa yetu ina lake la kusema. Hewa ya kawaida tu huipa karatasi maji: hewani kukiwa na unyevu wa asilimia 50, karatasi hubeba maji kiasi cha asilimia 7 hivi ya uzito wake, na unyevu ukipanda nayo hupanda. Msimu wa Juni hadi Agosti, mvua zinapokuwa zimekata, ndio wa kuviringisha na kupaka. Novemba na Desemba, au Machi na Aprili, chagua mchana mkavu. Vanishi inayokauka haraka huupoza uso wa ushanga, na hewa ikiwa nzito, umande hutua juu yake na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Usipake kamwe juu ya karatasi yenye unyevu, maana unakuwa umeyafungia maji ndani, na kuvu itafuata.

Kwako unayevaa: vua kabla ya kuoga, kufua na kuogelea. Manukato jipulizie kwanza, yakauke, ndipo uvae, kwa sababu alkoholi yake hulainisha baadhi ya vanishi. Jasho lina chumvi na asidi kidogo, hivyo ukirudi kutoka kupanda vilima vya Bugando au Igogo ufute mkufu kwa kitambaa laini kabla ya kuuweka. Ukilowa, ugandamize kwa kitambaa kikavu palepale bila kuukamua, uning'inize kivulini penye upepo siku mbili au tatu, halafu uguse miisho kwa vanishi. Jua kali la moja kwa moja hukausha nje haraka kuliko ndani, na hapo nyufa huzaliwa. Vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe. Vitie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na mapambo yako.

Na ukiwa sokoni unanunua, usiridhike na mng'ao wa tumbo. Mwombe fundi kwa heshima ushanga mmoja wa akiba, uusimamishe wima, udondoshe tone moja la maji kwenye tundu, mngoje dakika tano pamoja. Tone likibaki juu na karatasi isigeuke rangi, mlipe bei anayotaja bila kuvutana.