Kutengeneza Bustani ya Nyumbani Kabla ya Vuli

Vitabu vya Ulaya husema kwamba bustani hutayarishwa katika majira ya kuchipua, theluji ikiisha kuyeyuka na ardhi ikianza kupata joto. Walimu wakiwafundisha watoto majira hayo, watoto huuliza, "Na kwetu Kinjumbi yaja lini?" Jibu ni kwamba hayaji. Udongo wetu una joto mwaka mzima. Unachokosa ni maji. Kwa hiyo kazi yetu yote ya miezi ya kiangazi ina shabaha moja tu: mvua ya kwanza ya vuli inyeshapo, iingie ardhini wala isikimbilie bondeni.

Najua litakalosemwa. Oktoba mikono yote iko mikoroshoni, na bustani ya uani yaweza kungoja. Lakini tazameni mwendo wa mwaka wetu. Ufuta huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka. Ifikapo Desemba fedha yake, katika nyumba nyingi, imekwisha kuwa bati, sare za shule na deni la dukani. Januari na Februari mahindi mapya bado yako shambani, na ya zamani yamebaki kidogo. Hiyo ndiyo miezi ambayo mtoto hula ugali kwa chumvi. Mchicha huchumwa wiki tatu au nne baada ya kusiwa, na majani ya kunde vivyo hivyo. Tena, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam hapa hapa Kilwa. Barabara ikikatika, nyanya za mbali hazifiki.

Jambo la kwanza ni moto, nami nalisema kwa ukali. Desturi yetu ni kufagia ua, kukusanya majani na kuyachoma, kisha twajisifu kwamba pamekuwa safi. Majani yaliyooza hushika maji, majivu hayashiki. Na upepo wa kiangazi hauna adabu: cheche moja yatosha kwa paa la makuti au kwa mikorosho ya jirani. Basi chimbeni shimo kivulini, mtie majani, mabua, maganda ya mihogo na samadi ya mbuzi au ya kuku, mnyunyize maji yaliyooshea mboga, mfunike kwa udongo. Geuzeni kila baada ya wiki tatu hivi. Mboji huwa tayari kwa miezi miwili au mitatu, kwa hiyo afadhali kuanza Agosti. Samadi mbichi isitiwe penye miche, maana huiunguza.

Matuta yakingame na mteremko, hasa kwa wenzetu wa upande wa vilima vya Umatumbi. Upana wa meta moja watosha, ili mkono ufike katikati pasipo mguu kukanyaga. Juu yake tandazeni nyasi kavu, lakini mziinue mara kwa mara na kutazama mchwa.

Mwenye paa la bati ana mali asiyoihesabu. Paa la meta 5 kwa 8 likipata mvua ya milimeta 10 tu, lita 400 hushuka, yaani ndoo 20 za lita 20. Wekeni mfereji na pipa, nalo lifunikwe kwa ajili ya mbu.

Ua wa fito ni wa lazima. Watu hulalamikia ngedere na nguruwe, na ni kweli, lakini kuku wa nyumbani mwenyewe hufukua tuta zima kabla ya saa nne.

Mbegu nazo zijaribiwe mapema. Chukueni 10, mzifunge katika kitambaa chenye unyevu siku chache. Zikiota 7 au 8, ni njema. Zikiota 3, tafuteni nyingine. Wala msizipande zote mvua ya kwanza inyeshapo, kwa kuwa vuli hudanganya: hunyesha siku mbili, ikanyamaza wiki mbili. Pandeni nusu, na nusu baada ya siku kumi. Nyanya zisirudi pale zilipokuwa nyanya au bilinganya mwaka jana, maana maradhi hubaki udongoni.

Mashimo ya mipapai yachimbwe sasa, kina cha nusu meta, yajazwe mboji na udongo wa juu. Pandeni miche mitatu katika kila shimo, kwa sababu mchanga hautambulikani kama ni dume au jike. Maua yakitokea, mng'oe madume, ila mmoja uachwe kwa kila majike kumi hivi, na katika kila shimo ubaki mpapai mmoja ulio na nguvu.