Nuni Iliyokosekana: Fumbo la Zaburi ya 145

Aliyepita chuoni utotoni akakariri alifu, be, te hadi mwisho ataielewa Zaburi ya 145 upesi. Mtunzi wake alianza kila mstari kwa herufi ya Kiebrania, moja baada ya nyingine, kama washairi wetu wa pwani walivyotunga kwa kufuata herufi za Kiarabu. Kiebrania kina herufi 22. Zaburi hiyo ina mistari 21. Mstari wa 13 unaanza kwa mem, wa 14 kwa samekh. Nuni, ambayo ingekaa kati ya herufi hizo mbili, haipo.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo masomo ya juu ya Kiebrania yanapokuwa matamu. Mwanzoni mwanafunzi huhangaika na mizizi ya herufi tatu, na irabu ambazo Wamasora, wanazuoni wa Kiyahudi wa Tiberia, walizitia kwa nukta na vistari. Akishayamudu hayo, hupewa toleo la Stuttgart la Biblia ya Kiebrania lililokamilika mwaka 1977, linalofuata hati ya Leningrad iliyonakiliwa Cairo mwaka 1008. Tangu hapo kazi yake kubwa iko chini ya ukurasa, kwenye tanbihi za maandishi madogo ya kuumiza macho. Humo ndimo anapokuta habari za mstari wa nuni.

Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, inao. Lakini ushahidi wa mfasiri peke yake ungeweza kukataliwa: huenda aliuongeza mwenyewe. Kisha mwaka 1956 Mabedui wakagundua pango la 11 la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Ndani yake mlikuwa na gombo la Zaburi, ambalo mtaalamu wa Biblia James Sanders alilichapisha mwaka 1965. Nuni imo, tena kwa Kiebrania: mstari unaosifu uaminifu wa Mungu.

Wengi waliona kesi imekwisha, na tafsiri kadhaa za kisasa zimeurudisha mstari huo. Mimi bado nina shaka. Gombo hilohilo linaweka kiitikio baada ya kila mstari wa Zaburi hii, kiitikio ambacho hakimo katika matini ya Wamasora. Aliyeliandaa hakuogopa kuongeza. Zaidi ya hayo, nusu ya pili ya mstari wa nuni ni ileile ya mstari wa 17, neno kwa neno. Na Zaburi za 25 na 34, zinazofuata herufi vilevile, zinakosa herufi ya waw, wala hakuna anayeanzisha msako. Wanaoutetea mstari nao wana hoja nzito: mtunzi aliyezipanga herufi 21 bila kasoro angeirukaje moja tu?

Swali lenyewe ni la zamani kuliko vyuo vikuu vyote. Katika Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Rabi Yohanan wa karne ya tatu anaeleza kwamba Daudi aliiacha nuni kwa sababu ombolezo la nabii Amosi juu ya anguko la Israeli, katika sura ya 5, linaanza kwa herufi hiyo. Maelezo hayo hayanishawishi, ila yanathibitisha kwamba tangu zama zake pengo lilikuwapo na lilijulikana. Hadi leo Wayahudi wanaoshika mapokeo huisoma Zaburi hiyo mara tatu kwa siku katika sala zao, na huisoma bila nuni.