Matumizi ya Neno "Mtanashati"

Katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, watahiniwa wengi humwita mhusika "mtanashati" kwa kuwa ana sura nzuri. Tahadhari! Kiini cha neno hili ni unadhifu: usafi wa mwili na mavazi. Chukua mfano wa mchukuzi katika soko la Kithyoko, Machakos. Sura yake ni ya kawaida, ila shati lake limefuliwa na kupigwa pasi. Huyo ni mtanashati, awe mume au mke. Mwenye sura jamali lakini mchafu si mtanashati. Sura mtu huzaliwa nayo. Utanashati huutafuta mwenyewe. Kwa hivyo, mtahiniwa, thibitisha sifa hii kwa mavazi au usafi unaotajwa katika matini. Anayevutia kwa maneno, mwite mcheshi.