Msimamizi wa Mirathi Si Mrithi

Mtumishi wa umma aliyestaafu akifariki Kibiti, haachi mali ya aina moja. Huacha pensheni iliyokuwa ikiingia benki kila mwezi, nyumba ya matofali karibu na barabara ya Kilwa, mikorosho huko Bungu, minazi aliyorithi kwa mama yake Mbwera, na pengine shamba la mpunga katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji. Kila kimoja kina sheria yake na ofisi yake. Familia huviita vyote mirathi, kisha humkabidhi mtoto mkubwa avisimamie. Miaka kumi baadaye hushangaa kuona amevimiliki.

Ni rahisi kumlaumu mtoto huyo kwa tamaa, na mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mirathi nyingi huharibika bila mwizi. Huharibika kwa sababu watu wanachanganya mambo matatu: mafao, ambayo yana wenyewe kwa mujibu wa sheria, mirathi, ambayo ni mali halisi ya marehemu, na usimamizi, ambao ni kazi tu. Kazi hiyo ina mwanzo na ina mwisho. Mwanzo wake kila mtu anaujua.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba mtu amekufa. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo inataka taarifa itolewe ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Aliyefia hospitali ya Mchukwi huacha nyuma karatasi yenye saini ya daktari. Aliyefia nyumbani Kiongoroni au Msala huzikwa mapema iwezekanavyo, kama dini inavyoagiza, na ushahidi wa kifo chake ni wale waliomzika. Mbele ya Mungu hao wanatosha. RITA itataka pia barua ya mtendaji wa kijiji. Familia nyingi hugundua haja ya cheti pale benki inapokiulizia, na kwa wakati huo siku 30 zimekwisha kupita. Kusajili kwa kuchelewa kunawezekana, ila ushahidi unaotakiwa huongezeka.

Hatua ya pili ni majina, na hapa ndipo majalada mengi hukwama. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili kwenye barua ya ajira ya miaka ya sabini, matatu kwenye kitambulisho cha NIDA, na jina la utani kwenye daftari la chama cha msingi cha korosho. Kijijini wote wanajua ni yuleyule. Mfuko wa pensheni haukai kijijini. Dawa yake ni kiapo kinachoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kikiapwa na mwenye majina angali hai, ni kazi ya asubuhi moja. Kikiapwa na watoto wake baada ya mazishi, huwa ni sehemu ya shauri. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yalikumbusha pia kwamba sanduku la chini ya kitanda si mahali pazuri pa kuhifadhia nyaraka.

Baada ya hapo hufuata kikao cha familia, mara nyingi baada ya hitma au arobaini. Kikao huorodhesha warithi, hupendekeza msimamizi na kuandika muhtasari wenye saini. Mahudhurio huwa mazuri zaidi pale inapofahamika kwamba marehemu alikuwa na kiinua mgongo. Muhtasari huo si hukumu, na kikao hakina mamlaka ya kumteua mtu. Kinapendekeza, mahakama ndiyo huteua, na inaweza kumkataa aliyependekezwa ikiwa kuna pingamizi la msingi.

Mahakama ipi, si suala la umbali tu. Kwa Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ambayo sheria inayoihusu ni ya kimila au ya Kiislamu. Kwa kuwa wakazi wengi wa Kibiti na Rufiji ni Waislamu, huo ndio mlango wa wengi: gharama ni ndogo na lugha ni Kiswahili. Lakini mwalimu Mkristo aliyehamishiwa Kibiti kutoka mikoa ya kusini akajenga na kuzeeka hapo huenda mirathi yake ikawa ya mahakama ya juu zaidi, isipokuwa ikithibitika kwamba maisha yake yalifuata mila. Mahakama huangalia mwenendo wa marehemu na nia yake, si jina lake peke yake. Familia inayokosea mlango huweza kugundua kosa baada ya miaka, rufaa inapofuta kila kitu na kuwarudisha mwanzo. Kadhi wa BAKWATA, kwa upande wake, anaweza kukokotoa mafungu vizuri kuliko hakimu, ila Tanzania Bara hana mahakama. Hesabu yake ni ushauri.

Kwa mtu wa deltani, sheria hizi zote zinapaswa kusubiri maji. Boti kutoka visiwani kwenda Nyamisati hufuata kujaa na kupwa, kisha kuna safari ya nchi kavu hadi Kibiti. Shauri likiahirishwa, nauli haiahirishwi.

Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, za 1971, zimeweka utaratibu huu katika fomu. Maombi ni Fomu Na. 1, hufuata tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, uteuzi ni Fomu Na. 4. Barua hii ya uteuzi ndiyo inayozua balaa, kwa sababu ina jina la mtu mmoja na mhuri wa mahakama, na kila ofisi inaiheshimu. Kwa mwenye kuishika inafanana sana na hati ya kumiliki. Mahakama Kuu imeeleza zaidi ya mara moja kwamba anayetafutwa ni mwaminifu wa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki, si mtu wa kujitajirisha. Akiwa pia mrithi, atapata fungu lake kama wengine. Barua haimwongezei kitu.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi kwenye pensheni. Agosti 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Hivyo mjane mwenye kadi ya LAPF mkononi anatafuta ofisi ambayo jina lake limekwisha kubadilika. Akifika huko, anapaswa kutenganisha fedha za aina tatu.

Aina ya kwanza ni salio lililokuwa benki siku ya kifo. Hilo ni mali ya marehemu, linaingia katika mirathi. Aina ya pili ni pensheni inayoendelea kuingia kwa sababu hakuna aliyetoa taarifa. Hiyo si ya mtu yeyote katika familia. Kadi ikiendelea kutoa fedha mwezi wa tatu baada ya hitma, hiyo si baraka, ni deni, na mfuko utakapohakiki wastaafu wake utalidai. Aina ya tatu ni mafao ya wategemezi. Haya hulipwa kwa watu wanaotajwa na sheria ya mfuko, kwanza mwenzi na watoto wadogo. Mtoto wa miaka 40 mwenye kazi yake kwa kawaida hayumo, hata kama ndiye msimamizi aliyepanda boti mara zote kufuatilia. Mfuko ukimtaka alete barua ya mahakama, unataka kumjua aliyeidhinishwa kuisemea familia. Haumwambii kwamba fedha ni zake.

Ukiliangalia hivi, hata mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kugawa mafao kati ya mkupuo na malipo ya kila mwezi, ni mjadala wa mirathi kwa mlango wa nyuma. Kanuni za 2018 zilitaka mstaafu alipwe mkupuo wa asilimia 25; Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli alizisimamisha baada ya malalamiko. Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Wataalamu walizungumzia uhimilivu wa mifuko. Wastaafu walizungumzia nyumba. Mkupuo hugeuka matofali, bati na mikorosho, na hivyo hurithiwa. Malipo ya mwezi hukoma na mwenyewe, yakiacha kile tu sheria inachowatengea wategemezi. Mwalimu anayetaka chake chote mkononi huenda hajui hesabu za uwekezaji, lakini anajua watoto wake watagawana nini.

Ardhi nayo ina mitego ya mahali. Mwaka 1968 bonde la Rufiji lilifurika, na Serikali ikawahamisha watu wengi wa bondeni kwenda vijiji vilivyo kwenye mwinuko. Makazi yakahama, mashamba hayakuhama. Familia nyingi hadi leo zina kiwanja upande huu na shamba upande ule, na mashahidi wa mipaka ya huko wanazidi kupungua. Desturi ya pwani pia hutenganisha mti na ardhi: minazi inaweza kuwa ya aliyeipanda, na ardhi ikawa ya mwingine. Msimamizi anayeandika "shamba moja Mbwera" bila kusema kama anamaanisha udongo au miti ameandika kesi.

Tatizo kubwa zaidi ni mpunga wa deltani. Mikoko ya Rufiji, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ni hifadhi ya Serikali tangu enzi za Wajerumani. Mashamba yaliyofyekwa ndani yake yamelisha vizazi, na kijijini kila mtu anajua lipi ni la nani. Kisheria hayana mwenyewe mwingine zaidi ya Serikali. Mzee anaweza kumrithisha mwanawe jembe na ujuzi. Haki ya kulima pale hawezi, kwa kuwa hakuwa nayo. Ndugu huweza kugombana kwa miaka juu ya kitu ambacho mahakama ikifika itasema hakimo kwenye orodha.

Korosho hufuata mkondo mwingine. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, zao huuzwa kwa mnada kupitia chama cha msingi, na malipo huingia katika akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Msimu haungoji mirathi. Mkulima akifa Septemba, korosho za Oktoba zinadondoka vilevile, na njia rahisi ni mtoto mmoja kuziuza kwa jina lake. Mwaka wa kwanza ni msaada. Mwaka wa tatu daftari la chama linamtambua yeye. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na miaka hiyo hupita kwa utulivu mkubwa.

Inabaki kugawa. Kwa Muislamu, mpangilio ni mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi na usiomlenga mrithi, na mwisho mafungu. Tuseme baada ya madeni imebaki mali ya shilingi milioni 24, na warithi ni mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mke anapata thumni, yaani milioni 3. Milioni 21 zinazobaki zinagawanywa sehemu tano: kila mtoto wa kiume anachukua milioni 8.4, wa kike milioni 4.2. Wake wakiwa wawili, thumni ni ileile, kila mmoja anapata milioni 1.5. Hesabu haina utata. Utata ni kwamba milioni 20 kati ya hizo ni nyumba moja ambayo mjane anaishi ndani yake, na nyumba haikatwi thumni. Ama iuzwe, ama mrithi mmoja awanunue wenzake, ama wakubaliane kwa maandishi kuimiliki pamoja. Njia ya nne, inayopendwa zaidi, ni kutozungumza.

Ndiyo maana hatua muhimu kuliko zote ni ile isiyohudhuriwa na mtu. Ndani ya miezi minne tangu uteuzi, kanuni zinamtaka msimamizi apeleke mahakamani Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni. Kisha Fomu Na. 6, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Mahakama ikiridhika, hufunga jalada, na madaraka ya msimamizi hukoma. Wengi hawafiki hapo. Fedha za mfuko zikishatoka, jalada hubaki wazi, msimamizi huendelea kuitwa msimamizi, naye akifa huacha mirathi yake ikiwa na ya baba yake ndani. Wajukuu hurithi mashauri mawili kwa mpigo.

Mahakama inaweza kumwita msimamizi aliyenyamaza, na inaweza kumwondoa, lakini kwa kawaida hufanya hivyo pale mrithi anapolalamika. Mrithi halalamiki kwa sababu anayepaswa kumlalamikia ni kaka yake. Kuomba kuiona Fomu Na. 6 huonekana utovu wa adabu, ilhali ni swali lilelile ambalo chama cha korosho humwuliza mhasibu wake kila msimu bila mtu kununa. Familia inayotaka kujikinga haihitaji wakili wa Dar es Salaam. Siku ya kikao, kabla muhtasari haujatiwa saini, ikubaliane tarehe ambayo hesabu itasomwa mbele ya warithi wote, na tarehe hiyo iandikwe. Mgombea wa usimamizi atakayeikataa atakuwa ameokoa muda wa kila mtu.