Kwa nini korona iliwakosesha vijana usingizi kuliko wazee

Kila nchi iliyohesabu vifo vya korona iliona jambo lilelile: umri ukipanda, hatari ya kufa nayo hupanda. Ungedhani basi wasiwasi nao ungefuata njia hiyo, mzee wa miaka 70 akeshe macho huku kijana wa miaka 22 akilala fofofo. Ikawa kinyume. Juni 2020 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kiliwahoji watu wazima. Katika kundi la miaka 18 hadi 24, takriban 63 katika kila 100 walikuwa na dalili za wasiwasi au sonona. Miongoni mwa wenye miaka 65 na kuendelea walikuwa 8. Uchambuzi wa dunia nzima uliotoka katika jarida la Lancet Oktoba 2021 ulikadiria kwamba janga liliongeza wagonjwa milioni 53 wa sonona na milioni 76 wa wasiwasi kwa mwaka 2020, na waliolemewa zaidi ni vijana na wanawake.

Hali hizi mbili huja pamoja mara nyingi, na mtaani zote huitwa mawazo, lakini hazifanani. Wasiwasi unatazama mbele: kodi ya mwezi ujao, kikohozi cha mama, simu ya mdai. Moyo unakwenda mbio, tumbo linavuruga, usingizi hauji. Sonona inaelemea pale mtu anapoona kilichopotea hakitarudi; hamu ya chakula, ya watu, hata ya mpira, inakwisha. Mwenye umri wa miaka 22 karibu kila alichonacho kiko mbele yake, kwa hiyo janga linapofunga njia ya mbele humgusa pote pawili.

Tumtazame winga wa Mtaa wa Msimbazi au wa Kongo, pale Kariakoo, Dar es Salaam. Duka hana. Kazi yake ni kumdaka mteja barabarani, kumpeleka kwenye fremu ya mtu na kutia cha juu chake. Tanzania haikuwafungia watu ndani kama Uingereza, na soko la Kariakoo liliendelea kufunguliwa. Kijana wa London aliugua upweke wa chumbani. Huyu wetu aliamka alfajiri akapanda daladala kwenda kazini, akafika akakuta kazi hakuna. China ilizuia wageni Machi 2020, na njia ya Guangzhou, ambako wafanyabiashara walizoea kufuata mzigo wenyewe, haikufunguka sawasawa hadi Januari 2023. Mei 2020 Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake na Tanzania pale Nakonde. Mteja wa kutoka Zambia au Kongo asipofika, winga hana wa kumdaka, na anayeishi kwa mkono kwenda kinywani hana akiba ya kungojea mambo yatulie. Wenzake wa chuo nao walirudishwa nyumbani Machi 2020 wakakaa hadi Juni mosi.

Tena palikuwa na kutojua. Tangu mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa waliotangazwa Tanzania wakiwa 509, takwimu zilikoma kutolewa kwa zaidi ya mwaka. Kisaikolojia, hatari usiyoweza kuipima huchosha akili kuliko ile unayoijua ukubwa wake. Watu walijifukiza, wakanywa tangawizi na malimao, na huku wakihesabu misiba kwa makundi ya WhatsApp. Sishangai kwamba Februari na Machi 2021, misiba ya wakubwa na ya majirani ilipofuatana, hata waliokuwa wakitania barakoa walinyamaza.

Na wazee je? Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amefundisha kwa miaka mingi kwamba mtu anapoona muda wake uliobaki umepungua, huacha kutapanya moyo wake: huchagua watu wachache wa maana na mambo yanayomtuliza. Aprili 2020 yeye na wenzake waliwahoji Wamarekani wa miaka 18 hadi 76, wakakuta wenye umri mkubwa wana utulivu zaidi hata katikati ya tishio lililowalenga wao. Kwa Kariakoo ningeongeza kumbukumbu. Mfanyabiashara mwenye miaka 70 ameona vita vya Kagera, foleni za sukari, msako wa wahujumu uchumi wa 1983 na miaka ya UKIMWI isiyo na dawa. Ameshajionea mwenyewe kwamba janga huja likapita, jambo ambalo kijana huambiwa tu.

Lakini siyachukui matokeo hayo ya Marekani mzimamzima. Wengi wa wazee wale wana pensheni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haina malipo kama hayo kwa wazee wote. Mzee mwenye nyumba Kariakoo anayepokea kodi za fremu na bibi anayesubiri mjukuu arudi na chochote mfukoni wanaweza kuwa na umri mmoja, ila usiku wao haufanani. Naamini kwetu umri humkinga mtu pale tu anapokuwa na kipato kisichotegemea mauzo ya leo. Ndiyo maana ninaowahofia zaidi ni wa miaka 35 hadi 50, wanaolisha wengine kwa mauzo ya leo: ada za watoto, dawa za presha za wazazi, marejesho ya kikoba, na juu yake mkopo wa kausha damu. Kwa watu wa Kariakoo janga halikuja peke yake. Julai 2021 soko kuu liliungua, na Oktoba wamachinga wakaondolewa barabarani. Nani atatenganisha wasiwasi wa virusi na wa meza iliyobomolewa?

Kuna pia tatizo la kipimo. Dodoso la PHQ-9 la kupima sonona lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla ya alama 10 au zaidi hutaka uchunguzi. Mzee wetu hasemi ana huzuni. Husema mgongo, ganzi, kichwa, usingizi. Uchovu wake tutauandika kama sonona au kama uzee? Swali la 9 linagusa mawazo ya kifo, na kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, wa umri wowote ana sababu ya kumficha muulizaji ukweli.

Utafiti uliochapishwa 2003 kuhusu Dar es Salaam ulikuta matatizo ya akili ya aina ya wasiwasi na sonona kwa asilimia 24 ya waliokwenda zahanati na vituo vya afya, na asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Muhimbili iko mwendo wa miguu kutoka Kariakoo, ina idara ya afya ya akili. Kijana akikosa usingizi na hamu ya kazi wiki mbili mfululizo, aende. Kwa mzee usiulize kama ana huzuni. Uliza ameacha lini kwenda barazani, na nani anamnunulia dawa.