Mtoto mwenye selimundu asiachwe nyumbani likizo

Familia ya Mtinko, Singida, inapopanga kwenda Zanzibar likizo ya Juni kutazama makasri ya masultani, huzuka swali gumu: mtoto mwenye selimundu aende, au abaki kwa bibi?

Ugonjwa huu wa kurithi hufanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi, joto kali, uchovu na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Kwa hiyo hofu ya mzazi ina msingi. Hata hivyo, mtoto ambaye hali yake imetulia anaweza kusafiri, mradi ratiba ya safari imfuate yeye.

Maandalizi yaanzie kliniki, wiki mbili au zaidi kabla ya safari, ili daktari aseme kama yuko tayari. Dawa zake za kila siku zitoshe siku zote na kubaki. Zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kadi ya kliniki, dawa ya maumivu aliyoandikiwa na kipimajoto, si kwenye buti la basi.

Alfajiri ya Juni Mtinko kuna baridi, hivyo avae sweta na soksi. Mbele kuna basi hadi Dodoma, treni ya SGR hadi Dar es Salaam, kisha boti. Ni heri familia ilale Dar es Salaam kuliko kuunganisha yote siku moja. Apewe maji kidogo kidogo kabla hajasikia kiu, na asinyimwe kwa kuogopa ataomba choo njiani.

Unguja, kasri moja kwa siku linatosha. Mtoni, kasri la Seyyid Said lililoanza kujengwa mwaka 1828, ndiko alikozaliwa Bi Salme, binti wa sultani aliyechapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1886. Maruhubi, la Sultani Barghash, lilijengwa mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo na mabirika. Kidichi kuna mabafu ya Kiajemi ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe mwaka 1850.

Watembelee asubuhi, jua likipanda wakae kivulini. Akitaka kuogelea baharini, iwe kwa muda mfupi wakati maji yana joto, kisha akaushwe na kubadilishwa nguo mara moja.

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au mkono na mguu kulegea ni dalili za kwenda hospitali papo hapo, si za kusubiri kurudi nyumbani.

Akichoka, wote wapumzike naye. Kuta za Mtoni zipo pale karibu miaka 200, hazikimbii.